Gari Linanuka Uvundo, Mama Mkwe Kahamia Bajaji

*Shikamoo Fundi,*

*Mimi ni mwalimu, mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini. Mwaka jana mimi na mume wangu tulijinyima tukanunua Toyota IST ya mwaka 2005, iliyotumika Japani. Miezi ya mwanzo gari halikuwa na neno. Tangu masika ya mwaka huu, nikiwasha AC asubuhi inatoka pumzi ya uvundo, kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Baada ya dakika tano inapungua, au labda ni pua yangu inayozoea. Nikizima AC nikaacha feni peke yake, inarudi tena.*

*Fundi wa kwanza alisema gesi imezeeka. Akajaza nyingine, nikamlipa shilingi 60,000. Baridi iliongezeka kidogo, uvundo ukabaki palepale. Wa pili anataka kushusha dashibodi nzima kwa 250,000, na mume wangu anauliza hizo hela zinatoka mti gani. Nimetundika manukato matatu kwenye kioo cha ndani, sasa nikiendesha kichwa kinaniuma.*

*Lakini kilichonifanya nikuandikie ni mama mkwe. Amekuja kutoka Muheza kutibiwa macho, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Anakaa mbele, kwa heshima yake. Siku ya pili alijiziba pua kwa ncha ya kanga akasema, "Mwanangu, humu mnanuka korona." Si ule ugonjwa. Yeye amekulia kambi ya mkonge, na korona ni kiwanda cha kusaga mkonge, ambako makapi yakilala na maji hunuka hadi barabarani. Akanipa udi nifukize. Nimefukiza, AC ikiwa imewashwa ili moshi usambae vizuri. Sasa linanuka uvundo na udi kwa pamoja. Jumapili iliyopita alisimamisha bajaji, akaniacha nimesimama na funguo mkononi.*

*Jingine dogo: daftari la binti yangu lilidondoka chini pale mbele kushoto, tukalikuta limelowa. Nilidhani ni chupa yake ya maji. Na mdogo wake ana pumu, naogopa hewa hii itamdhuru. Niliuze hili gari?*

*Mwalimu wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Usiliuze. Na hizo 250,000 zibaki kwanza hapo zilipo, hata kama ni mtini.

Barua yako nimeisoma yote, ila mstari niliourudia mara tatu ni huo ulioupa jina la "jingine dogo". Daftari limelowa mbele kushoto. Sasa tazama mama mkwe wako anakaa wapi: mbele kushoto. Wewe dereva uko kulia, mguu wako uko pakavu, na pua yako imeshazoea, maana pua ya mwenye gari ni kama pua ya mwenye banda la mbuzi. Mzee wa watu umemweka juu ya zulia linalooza, halafu unamshangaa akipanda bajaji. Ungemsikiliza yeye kabla ya fundi wa gesi, ungeokoa 60,000.

Ngoja nikueleze maji hayo yanatoka wapi, kwa sababu ukilijua hilo hakuna fundi atakayekuzungusha tena. Ndani ya dashibodi, nyuma ya ile droo ya abiria, kuna kitu mfano wa rejeta ndogo ya alumini. Tunaiita evaporeta. AC ikiwaka, inapoa hadi karibu na nyuzi sifuri, na feni inasukuma hewa ipite katikati ya mapezi yake. Hewa ya Tanga unaijua, imejaa maji. Ikigusa kile kitu cha baridi inatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Siku yenye unyevu mwingi maji hayo yanaweza kufikia lita nzima kwa saa. Yanachuruzika hadi kwenye sinia chini ya evaporeta, kisha yanatoka nje ya gari kupitia kibomba cha mpira chenye unene wa kidole. Hayo ndiyo matone unayoyaona chini ya magari yaliyoegeshwa huku AC inanguruma.

Kibomba kile kikiziba, maji hayakati tamaa. Sinia linajaa, yanafurika ndani, na kwa magari yetu ya usukani wa kulia mara nyingi yanaangukia miguuni kwa abiria wa mbele. Na hata kabla hayajafurika, evaporeta inakaa gizani, imelowa saa ishirini na nne, imeshika vumbi la miaka ishirini la Japani na la hapa kwetu. Giza, maji na vumbi: kuvu na bakteria hawahitaji mwaliko mwingine. Uvundo unaousikia ni hewa wanayoitoa wao. Ndiyo maana inakuja kwa nguvu unapowasha, na inarudi unapozima AC ukaacha feni: evaporeta inapopata joto na kuanza kukauka, ile harufu iliyokuwa imeshikwa na maji inaachiwa. Kwa maelezo hayo peke yake ningekuambia ugonjwa ni huu hata usingetaja daftari.

Gesi haihusiki kabisa. Gari la umri wa lako linatumia R134a, nayo inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haikutani na hewa unayovuta. Haichachi wala haizeeki. Ikipungua maana yake imevuja, na anayejaza bila kutafuta inapovujia amekuuzia wiki chache za baridi. Anayekuambia harufu imeletwa na gesi iliyozeeka, mwage kwa heri na usirudi kwake.

Basi tuanze kazi, na tuanze na maji. Ukianza na dawa kabla ya kufungua njia ya maji, dawa yenyewe itamwagikia zuliani, maana inatokea kwenye kibomba hichohicho.

Egesha gari kwenye sakafu kavu ya saruji, washa AC baridi ya mwisho na feni ya kati, subiri robo saa. Inama uchungulie chini. Kwa hewa ya Tanga lazima uone matone. Usipoyaona, jibu umelipata. Kibomba kinatokea kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha abiria, chini chini, upande wa abiria au karibu na katikati. Ni kipande kifupi cha mpira mweusi, mara nyingi kimepinda ncha. Zima injini, acha bomba la moshi lipoe, na tafadhali asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gereji yenye shimo ni bora zaidi.

Nimeshavuta kwenye vibomba hivi majani yaliyooza, matope, na mara moja nyumba nzima ya nyigu wa udongo. Lingine linalosahaulika: magari mengi yakifika nchini hupuliziwa ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu kwa chini, na mpulizaji asiye makini anaziba mdomo wa kibomba bila kujua. Kama mpira unavutika, uchomoe uuoshe. Kama hauvutiki, tumia waya laini, ule wa breki ya baiskeli unafaa, umekunjwa ncha ili usitoboe, na usiingize zaidi ya urefu wa kidole ukakwaruza evaporeta. Fundi pancha atakushawishi apulize upepo wa kompresa kutokea chini. Mkatalie. Tope lote litarudi juu kwenye evaporeta, na mara nyingine kibomba kinachomoka kwa ndani, hapo ndipo dashibodi itashuka kweli.

Ukifungua, maji yakimwagika kama bomba la mtaani, usiogope. Furahi.

Lakini kabla hujafurahi sana, onja kidogo uchunguzi mmoja zaidi, nasema onja kwa pua si kwa ulimi. Yale maji ya zuliani yanatakiwa yawe maji tu. Yakiwa na utelezi, rangi ya kijani au nyekundu, na harufu tamutamu, hayo ni ya rejeta ndogo ya hita iliyoanza kuvuja, na kioo cha mbele kitakuwa kinapata ukungu wa mafuta usiofutika. Hiyo ni kazi nyingine na fundi mwingine. Na kama zulia linalowa siku za mvua tu hata usipowasha AC, basi maji yanaingia kwenye raba za mlango au chini ya kioo cha mbele. Kwa kuwa kwako limeanza na masika, fungua boneti uangalie lile bonde chini ya waipa. Tanga na miarobaini yake, majani madogo yale yanajaa pale, yanaoza, na hewa ya AC inavutwa kutokea palepale. Yazoe kwa mkono yote.

Sasa zulia. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, nami nitakaa kidogo. Juu utalishika utasema limekauka. Chini yake kuna sponji nene, na sponji ile inaweza kushika maji wiki kadhaa bila kuonyesha. Kuanika gari milango wazi hakutoshi. Zulia linatakiwa linyanyuliwe. Kiti cha abiria kinashikwa na bolti nne, kijana yeyote wa gereji anakitoa kwa dakika kumi, ila kama kuna nyaya chini ya kiti atoe kwanza waya wa betri asubiri dakika chache, maana baadhi ya nyaya hizo zinahusika na mikanda na mifuko ya hewa. Anyanyue zulia, akamue sponji, lioshwe kwa sabuni kidogo, kisha lianikwe jua la siku mbili tatu. Jua la kwenu halina mpinzani. Likikauka kabisa nyunyiza magadi ya kuokea, yalale usiku mmoja, asubuhi uyafyonze. Lakini magadi ni nakshi tu. Sponji ikirudi na unyevu, hata gunia la magadi halitakusaidia.

Wakati zulia liko juani, fungua droo ya abiria. Kwenye IST, kama magari mengi ya Kijapani, ukiibinya pembeni inashuka, na nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki chenye filta ya hewa ya ndani. Ivute. Nakuandaa kisaikolojia: inaweza kuwa nyeusi kama kikaango, ina majani, mabawa ya mende, hata manyoya. Au utakuta pango tupu. Kuna mafundi wanaoitoa na kuitupa ili AC "ipulize zaidi", na kweli inapuliza zaidi, huku vumbi lote likienda kulala kwenye evaporeta iliyolowa. Nunua mpya. Usiioshe ya zamani, ile ni karatasi, na karatasi iliyolowa ndani ya giza ni shamba jingine la kuvu. Angalia mshale wa upepo kabla ya kuisukuma ndani. Kwa vumbi letu ibadilishe kila mwaka, na uichungulie baada ya kila masika. Ukikuta vinyesi vidogo vyeusi au karatasi imetafunwa, una mpangaji mwenye mkia, na huenda mmoja wao amefia ndani. Ila panya aliyekufa hunuka nyama, hanuki tambara, kwa hiyo sidhani.

Baada ya hapo ndipo dawa ya evaporeta. Maduka ya spea huuza povu la kusafishia AC ya gari, kopo lenye mrija mrefu. Soma kopo, yanatofautiana. Kwa kawaida injini inakuwa imezimwa, filta imetolewa, na mrija unaingizwa ufike kwenye evaporeta yenyewe, usiimwagie mota ya feni wala nyaya zake. Povu linaachwa lifanye kazi kwa muda ulioandikwa, kisha linayeyuka na kutokea chini kupitia kibomba ulichozibua. Utaona maji ya rangi ya chai ya rangi iliyochacha. Rudia mpaka yatoke meupe. Halafu washa injini, AC ikiwa imezimwa, weka joto la mwisho na feni ya mwisho, milango wazi, robo saa nzima, ili kila kitu kikauke. Jirani atakuuliza kwa nini unawasha hita Tanga mwezi huu. Mwache aulize.

Kuna yale makopo ya kuwasha na kuacha ndani ya gari yatoe moshi wake, feni ikizungusha hewa ya ndani. Kwa gari ambalo ndiyo kwanza limeanza kunuka yanafaa. Kwa lako, bila kusafisha evaporeta na kukausha zulia, utapata mwezi mmoja wa amani.

Mtu asikushauri jiki. Inakula alumini, na mvuke wake unabaki kwenye njia za hewa. Mtu asikushauri siki kisha jiki, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na hiyo si mchezo kwa mapafu ya mtu mzima, sembuse mtoto mwenye pumu. Vidonge vyeupe vya nondo vya kabatini navyo viache kabatini.

Na udi. Mwanangu, udi ni wa nguo na chumba, mimi mwenyewe nyumbani kwangu haukosekani. Lakini ule moshi una mafuta. Ukiufukiza AC imewashwa, feni inauvuta kwenye filta na evaporeta, unaganda juu ya ile tope, na kuvu wanapata godoro. Hukukosea kwa nia, na mama hakukosea kukupa. Ila sasa povu hilo itabidi lipite mara mbili.

Kuhusu mtoto: ndiyo, vumbi la kuvu linaweza kumwamsha mwenye pumu. Mpaka kazi iishe, asipande hilo gari ikiwa AC imewashwa, fungueni vioo. Siku ya kupuliza povu asiwepo kabisa, na gari lipate hewa siku nzima kabla hajaingia. Yale manukato matatu nayo yashushe leo. Kama yanakuuma wewe kichwa, kifua chake yanakifanyaje? Akikohoa au kubanwa hata baada ya gari kupona, mpeleke kwa daktari wake, asiachiwe fundi AC kazi hiyo.

Sasa dashibodi ya 250,000. Siku moja inaweza kuhitajika. Ukizibua, ukakausha, ukasafisha kwa povu mara mbili, na uvundo ukarudi ndani ya wiki chache, basi evaporeta imejaa tope gumu ambalo povu halifiki, na lazima itolewe. Hapo muulize fundi maswali mawili kabla hajashika bisibisi: una pampu ya kuvuta vakyumu, na unapima gesi kwa mizani? Kutoa evaporeta maana yake gesi yote inatolewa, oringi, zile raba za duara za kwenye maungio, zinabadilishwa, hewa na unyevu vinavutwa nje, kisha gesi inarudishwa kwa uzito ulioandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya boneti. Anayejibu "mimi napima kwa mkono, nikigusa bomba najua", huyo atakurudishia gari lenye tatizo la pili.

Baki na tabia moja tu. Dakika tano kabla ya kufika nyumbani, zima kitufe cha AC, feni iendelee, na hewa iwe inavutwa kutoka nje badala ya kuzunguka ndani. Utapata joto kidogo, lakini evaporeta inaanza kukauka kabla haijafungiwa gizani usiku kucha. Najua utaniambia kutoka Chumbageni hadi shuleni ni dakika kumi. Ndiyo, na safari fupi ndizo zinazoua, evaporeta inalowa kila siku na haipati nafasi ya kukauka. Kwa safari za namna hiyo asubuhi fungua kioo, upepo wa bahari ni wa bure. AC iweke kwa ajili ya jua la saa saba na safari ya Segera.

Kazi yote niliyokueleza ni ya siku nne tano kuanzia Ijumaa jioni, ukipata kijana mmoja wa kukusaidia na jua likiwepo. Wiki inayofuata mama akiwa na kliniki, usimwambie kwamba limetengenezwa. Mkaribishe palepale mbele kushoto, funga vioo, washa AC, uangalie kanga inaelekea wapi.